Pikipiki ya Nyamu Inakataa

Koome mwenyewe ndiye alimpa Nyamu stuli. Hakuna mtu alimlazimisha. Nyamu alikuja siku hiyo na pikipiki yake kubwa ibadilishwe oili, jua lilikuwa kali, gereji haina kivuli cha maana, na Koome kwa roho safi kabisa akachukua stuli ya mbao akaiweka mlangoni kwa jirani yake Gatakaa, fundi wa nguo. Akasema, "Kaa hapa, boss. Huyu ni mtu wangu, atakuvumilia." Gatakaa akacheka. Nyamu akakaa. Oili ikabadilishwa ikaisha, injini ikapoa, na Nyamu bado amekaa.

Mpaka leo Koome akiiona hiyo stuli anaipiga teke.

Gereji yake iko Makutano, hapo Meru, kwa barabara ya kuelekea Kaaga. Ni kibanda cha mabati, chini mchanga mweusi wa oili, na ubao ameuandika kwa mkono wake: KOOME PIKIPIKI NDOGO NA KUBWA. Hilo neno "kubwa" ndilo kiburi chake. Mafundi wengine wote wa hapo wanatengeneza boda. Koome pia anatengeneza boda, atakula nini? Lakini zile mashine nzito, zile injini zake zinaweza kuvuta gari ndogo, zile wenyewe wanavaa jaketi za ngozi na kupita Meru wakienda kupiga picha jangwani, ikiharibikia mtu hapa anaambiwa, tafuta Koome. Hakusomea mahali. Alitoka Kibirichia kwa wazazi wakulima wa viazi, akamaliza fomu foo, akasema viazi hapana, akaanza kwa kuosha pikipiki za watu. Mengine alijifunza kwa simu, akiangalia video za Wazungu wakifungua injini kwa chumba safi kama hospitali, na yeye anafungua yake juu ya gunia.

Gatakaa anashona yunifomu za wanafunzi wa Kaaga. Ukuta wake na wa Koome ni mmoja. Kila asubuhi Kagure, mama wa uji, anapita na thamosi zake, na hao wawili wanakunywa wakiegemea huo ukuta, cherehani imenyamaza, spana zimenyamaza. Gatakaa anamwambia Koome mambo yake yote. Koome naye anamwambia yake yote isipokuwa moja. Hilo moja amekaa nalo tangu alipohamia hapo. Alikuwa anangoja. Anangoja nini? Hata yeye hajui. Wanaume wa hii aina wako wengi, na kila mmoja anafikiria kungoja ni kazi.

Nyamu hakungoja. Nyamu ni mtu wa Embu, anauza mipira ya kunyunyizia mashamba, anapanda na kushuka hiyo barabara ya Embu na Meru kila wiki. Si mrefu kumshinda Koome. Si mtanashati. Ako na katumbo. Hiyo ndiyo ilikuwa inamuuma Koome zaidi. Kama Nyamu angekuwa mzuri kama picha ya kalenda, angesema sawa, nimeshindwa na picha. Lakini kushindwa na katumbo?

Kagure hana breki ya mdomo. Asubuhi moja akimimina uji akauliza, "Kwani Gatakaa, wanaume wa Meru wameisha mpaka tuagize wengine Embu?"

"Hawajaisha, Mama," Gatakaa akasema, akipuliza kikombe chake. "Wamenyamaza tu."

Koome akajimwagia uji kwa mguu.

Basi ilikuwa hivyo. Nyamu akawa anakuja hata kama pikipiki haina shida. Anaegesha hapo mbele, anagonga mlango wa Gatakaa, na Koome anasikia kicheko kupitia mabati. Kicheko cha Gatakaa anakijua vizuri, kiko aina mbili. Kuna cha asubuhi cha uji, kinaanza na kuisha. Na kuna hiki kingine, cha kuvuta, ambacho Koome hakuwahi kupewa hata mara moja. Alikuwa anapiga nyundo mahali hapahitaji nyundo ili asikisikie.

Halafu Jumatatu moja Nyamu akaja bila kicheko. Akazima injini, akavua helmeti, akabaki ameiangalia hiyo mashine kama mtu ameumwa na mbwa wake.

"Fundi, hii kitu inakataa."

"Inakataa nini?"

"Inakataa Gatakaa."

Koome akaweka spana chini. "Hebu sema tena polepole."

"Nikiwa peke yangu nafika Embu imenyooka kama rula. Nikimbeba, tukipata mteremko na spidi kidogo, usukani unaanza. Hivi." Nyamu akanyoosha ngumi mbili mbele na kuzitingisha, kushoto, kulia, kushoto, kulia. "Kama mtu anasema hapana. Jana ilitufanyia hapo chini ya Nkubu, karibu itutupe kwa mtaro. Gatakaa amelia mpaka nyumbani."

Tuseme ukweli. Kitu cha kwanza Koome alisikia ndani yake ni furaha. Hofu ilikuja, lakini ilikuja ya pili, imechelewa, inahema. Pikipiki imembeba mwanamume huyo miaka na haijawahi kulalamika, lakini ikimbeba na Gatakaa inatingisha kichwa? Hiyo ni mashine ya akili. Alitaka kuibusu kwa tangi.

"Itabidi uiache," akasema.

"Nitaiacha, lakini Jumamosi naihitaji. Nampeleka Embu kwa mama."

Hapo furaha ikakatika. Mwanamume akisema anakupeleka kwa mamake, huendi kuangalia kuku. Unaenda kuonekana. Ukirudi, wazee wa pande mbili wanaanza kutafutana kwa simu, na jirani wa ukuta mmoja anaalikwa kubeba viti.

Ingekuwa rahisi sana kumwambia spea inatoka Nairobi, ngoja mwezi. Koome alifikiria hiyo. Aliifikiria vizuri, kwa utulivu, mchana wote. Lakini kati ya Meru na Embu kuna ule mteremko wa Nithi. Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Gari likianza kushuka pale hata wale wenye mdomo mrefu wananyamaza, na wamama wanaomba macho yakiwa wazi. Mashine ikisema hapana pale, haisemi kwa mzaha. Na Nyamu ni mtu wa kuenda hata ukimnyima spea. Angeenda nayo hivyohivyo. Kwa hivyo Koome akaipandisha kwa stendi.

Alianza na rahisi. Upepo wa tairi: uko sawa. Tairi ya mbele: imelika, lakini imelika sawasawa, haina mawimbi. Rimu akaizungusha, haina kupinda. Halafu akainua tairi ya mbele ining'inie, akashika zile fimbo mbili za mbele akazivuta kwake na kuzisukuma. Tak. Kitu kinacheza. Akarudia. Tak. Konseti, yaani zile beringi za shingo, pale usukani unazungukia, ilikuwa imelegea. Kila fundi wa boda anaijua. Boda ikitingisha kichwa, kaza konseti, rudisha kwa mwenyewe, chukua pesa yako. Koome akaifungua, akaosha, akapaka grisi, akakaza vile inatakiwa. Akazungusha usukani kwa kidole kimoja ukaenda laini kama mlango wa friji.

Jumatano Nyamu akamchukua Gatakaa mpaka Nkubu kujaribu. Koome akabaki akijiambia kazi ni kazi.

Walirudi mapema sana. Gatakaa alishuka kabla pikipiki isimame vizuri, helmeti kwa mkono, vumbi kwa nyusi. Hakusalimia mtu.

"Mimi na hiyo kitu tumemalizana," akasema. "Embu nitaenda na gari. Au nisiende." Akaingia kwake na kufunga mlango.

Au nisiende! Koome aliinama haraka chini ya boda ya mtu asionekane anatabasamu. Nyamu akabaki amesimama barabarani.

"Fundi, ulisema imepona."

"Nilisema nimekaza konseti." Sauti ilitoka ngumu kuliko alivyotaka. Kwa sababu hapo kulikuwa na kitu kingine kinamchoma, na si Gatakaa. Ni ule ubao. NDOGO NA KUBWA. Alikuwa ameitibu mashine nzito kama boda, ikamuumbua mbele ya mtu wa Embu.

Basi akaanza upya. Nyuma kuna shoki, ile springi ya kumeza mashimo, na shoki ya hizo mashine ina mahali pa kukaza kulingana na uzito. Ilikuwa imewekwa ya mtu mmoja. Akaikaza ya watu wawili. Akaona pia ile keria. Nyamu alikuwa amechongewa keria ya chuma kule Embu, ndefu, imetokeza nyuma kupita taa, ya kufungia mipira yake. Koome akaitikisa. Imefungwa vizuri, nati zimebana. Akaiacha. Akasema, sasa twende tupime na mtu nyuma.

"Gatakaa hawezi kukubali," Nyamu akasema.

"Nani amesema Gatakaa? Panda."

"Mimi?"

"Kwani hauna uzito?"

Wacha watu wa Makutano wacheke. Koome mbele, Nyamu nyuma. Na Nyamu, kwa sababu amezunguka na wale watu wa jaketi za ngozi, alijua kukaa: akasogea mbele kabisa, kifua kikagusa mgongo wa Koome, mikono ikazunguka kiuno na kufungwa kwa tumbo kama mshipi. Koome alikufa kidogo. Wale wanaume ndio hao, mmoja amemkumbatia mwenzake, na hawapendani.

"Baite, wanaume!" mtu wa boda akaita kutoka stejini. "Koome amepata bwana!"

"Na ni wa Embu!" mwingine akajibu. "Mahari itakuwa mipira!"

Kagure alicheka mpaka akashika thamosi.

Wakateremka njia ya Nchiru. Pale barabara inanyooka Koome akafungua. Akafungua zaidi. Upepo ukapiga helmeti, maduka ya wanafunzi wa chuo yakapita kama rangi tu, na usukani ukatulia mikononi kama mtoto amelala. Akapata mteremko, akasukuma zaidi. Hakuna. Haikutingisha kichwa hata kidogo.

"Umeitengeneza!" Nyamu akapiga kelele nyuma.

Koome hakufurahi. Nyamu ni mzito kumshinda Gatakaa, na mashine imemnyamazia. Kwa hivyo si uzito. Shoki inaweza kuwa ndiyo ilisaidia, na inaweza kuwa si yenyewe. Pikipiki inamkubali Nyamu mbele, inamkubali Nyamu nyuma. Imekataa mtu mmoja tu, na huyo mtu bado hajapanda tangu shoki ikazwe. Fundi wa kweli hapo angesema, leta huyo mtu. Mwanamume mwenye wivu pia angesema, leta huyo mtu. Siku hiyo walisema pamoja.

Gatakaa alikataa Nyamu akiomba. Akakataa tena. Halafu Ijumaa Koome akaenda mwenyewe, akasimama mlangoni na helmeti ya pili, akasema, "Ni mimi nitaendesha."

Gatakaa akatoa mguu kwa cherehani. Akamwangalia. "Na wewe nitapanda," akasema. "Si na yeye."

Nyamu alikuwa hapo nje na alisikia. Koome alihakikisha amesikia, kwa kuuliza tena, "Na mimi utapanda?"

"Nimesema nitapanda. Ngoja nivae suruali ndani ya sketi."

Wakaondoka. Koome hakuwa amewahi kumbeba, hata kwa boda, hata wakati wa mvua. Miaka yote hiyo kwa ukuta mmoja. Alipita kwa steji polepole kuliko ilivyohitajika, shingo imenyooka, wale wa boda wamwone. Nyuma yake hakusikia kitu. Ni kama amebeba hewa. Alijiambia ni vile Gatakaa ni mwepesi.

Pale barabara ilinyooka akafungua. Na hapo, kabla Gatakaa ajue, viganja vya Koome vikajua. Kitu kidogo, kama simu inatetemeka kwa mfuko wa mtu mwingine. Kushoto kidogo, kulia kidogo. Halafu kidogo zaidi. Inakataa. Na mimi pia, Koome akawaza, hata mimi! Mikono ilitaka kuubana ule usukani kwa nguvu, lakini video zote alizowahi kuona zilisema kitu kimoja: ukiubana, unaongeza. Na breki ya ghafla usiguse. Akalegeza vidole, akapunguza mafuta taratibu, mashine ikakohoa, ikapungua, ikatulia. Akasimama kando ya mti wa mkaratusi.

"Mbona tumesimama?" Gatakaa akauliza. Hakuwa amesikia chochote.

Koome akageuka kumjibu, na hapo ndipo akaona.

Gatakaa alikuwa amekaa nyuma kabisa, pale kiti kinaishia. Amejivuta kwa nyuma. Kati yake na Koome kungekaa gunia la kabeji. Na mikono yote miwili iko huko nyuma, imeshika ile keria, ng'ambo ya taa, vidole vimebana mpaka vimekuwa vyeupe.

"Kwani wewe hukaa hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hivyo. Kushika keria."

"Sasa nishike nini? Kwani wewe hujawahi kuona mtu kwa boda?"

Na ni ukweli. Msichana yeyote wa Meru amefunzwa hivyo. Mamake humwambia siku ya kwanza anapanda boda kuenda shule: acha nafasi, shika keria, mtu wa boda hashikwi, ukimshika atafikiria mambo. Anakua hivyo, anapanda hivyo mpaka anazeeka, na haina shida, kwa sababu boda ni nyepesi na inaenda polepole. Lakini panda mashine nzito kwa spidi, ukiwa umening'inia kwa chuma kimetokeza nyuma ya tairi. Unaivuta mkia. Mkia ukilemewa, mbele inakuwa nyepesi, tairi ya mbele inagusa lami kwa vidole tu, na kwa kila tuta inaanza kutafuta njia. Nyamu anaogopa, anabana usukani, inakuwa mbaya zaidi. Kumbe konseti ilikuwa jambo lake lingine. Kumbe shoki pia. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ni adabu.

Koome hakusema hayo yote. Alisema tu, "Nishike."

"Ehe?"

"Sogea mbele, unishike. Nataka kupima kitu."

"Nikushike kama nini?"

"Kama gunia la viazi linataka kuanguka."

Gatakaa akacheka. Na alicheka kile kicheko kingine. Halafu akasogea, na mikono ikaja, ya kulia kwanza, ya kushoto ikaifuata, ikafungana kwa tumbo la Koome, na helmeti yake ikagonga ya Koome kidogo, tok. Sasa hakuwa hewa.

Mashine ilienda kama imechorwa. Koome aliifungua kupita pale penye ilianza kutetemeka, akaifungua mpaka macho yakatoka machozi, na mbele hakukuwa na kitu ila barabara. Kipimo kilikuwa kimeisha hapo. Jibu limepatikana. Angegeuka. Hakugeuka. Alipita Nchiru, akapita wanafunzi na vibanda vyao, akaendelea kuelekea Kianjai bila sababu yoyote ya kifundi, na alipogeuka hatimaye aligeuka polepole sana.

Karibu na Makutano, wakiwa wamepunguza, Gatakaa akaongea karibu na shingo yake. "Haikutingisha hata kidogo! Kumbe shida ni Nyamu. Hajui kuendesha."

Hakuna neno tamu Koome amewahi kuambiwa kuliko hilo. Na hakuhitajika kudanganya. Alihitajika kunyamaza tu, na kunyamaza ndiyo kitu anajua kuliko pikipiki. Akanyamaza.

Kwa gereji Gatakaa hakungoja hata kushuka. "Nyamu, shida ni wewe! Koome ameenda nayo kama ndege. Wewe unaendesha kama mtu anafukuza mwizi."

Nyamu akamgeukia Koome. Uso wake ulikuwa umeanguka. "Ni ukweli, fundi?"

"Mashine haina kitu," Koome akasema, akifuta mikono ambayo haikuwa michafu. Haikuwa uwongo. Mashine haikuwa na kitu.

Alingoja Nyamu akasirike, atukane, awashe aende zake Embu peke yake. Lakini Nyamu alikaa kwa ile stuli, akainamisha kichwa, akafikiria. Halafu akasema, "Basi ni mimi. Nimekuogopesha bure, Gatakaa. Kesho nitaenda polepole. Ukisema nisimame, nasimama."

Na Gatakaa, badala ya kusema au nisiende, akamwangalia vizuri na sauti ikashuka. "Ukienda polepole, nitakuja."

Ndiyo hiyo shukrani ya kunyamaza.

Jumamosi asubuhi walikuja wakiwa tayari. Gatakaa amevaa lile gauni la kitenge alijishonea mwenyewe, suruali ndani, zawadi ya mama ya Nyamu imefungwa kwa mfuko mdogo mgongoni. Kagure alikuwa amefika na thamosi. Koome alikuwa amejipangia kazi nyingi ya kuinamia. Alikuwa pia amejipangia matumaini: labda Gatakaa atarudi kutoka Nkubu, amechukia, amemalizana na huyu mtu kabisa. Nyamu ataenda polepole, hakuna mtu ataumia. Hiyo ndiyo hadithi alijipa asubuhi akinawa uso.

Lakini polepole ya mtu ako na mashine kama hiyo huisha akizoea. Ataenda polepole mpaka Nkubu. Ataona imetulia. Ataongeza kidogo, na kidogo, na wakifika juu ya Nithi atakuwa ameshasahau.

Nyamu akawasha. Gatakaa akapanda, akajipanga, akajivuta nyuma mpaka pale kiti kinaishia. Na Koome akaona ile mikono ikienda. Ilienda yenyewe, bila kufikiria, vile mamake alimfunza. Ikapita sketi, ikapita taa, ikashika chuma.

"Shuka!"

Alipiga kelele mpaka mtu wa boda akazima injini.

"Nini tena?" Nyamu akauliza.

"Nimesema ashuke. Zima."

Gatakaa akashuka. Koome akachukua spana, akapiga goti nyuma ya pikipiki, na bila kuangalia mtu akaanza kufungua nati za keria, moja baada ya nyingine.

"We fundi! Hiyo ni ya kazi! Nitabeba mipira na nini?"

"Jumatatu nitakurudishia. Kwa mipira inafaa. Kwa mtu haifai." Nati ya mwisho ilikuwa na kutu, akaipiga, ikaachilia. Keria ikatoka nzima, nzito, akaiweka mchangani. Nyuma ya kiti kukabaki hewa.

Gatakaa akaangalia pale keria ilikuwa. "Sasa nitashika nini?"

Kagure alikohoa. Koome alisimama, spana mkononi.

"Mshike yeye," akasema. "Hapa." Akaelekeza spana kwa katumbo ka Nyamu. "Ukae mbele kabisa, kifua kwa mgongo. Akilala kwa kona, lala naye. Mikono uifunge kabisa. Usimwachilie mpaka Embu. Na wewe Nyamu, ikitetemeka usibane usukani. Haikuwa wewe. Huendeshi vibaya. Ilikuwa hiyo keria na vile anaishika."

Nyamu akacheka kwanza, kicheko cha mtu ameondolewa mzigo. "Kumbe! Nilale usingizi leo!" Halafu kicheko kikapungua. Kikapungua zaidi. Akaangalia Koome, akaangalia Gatakaa, akarudi kwa Koome. "Na kule Nchiru," akasema, "alikuwa ameshika nini?"

Koome akainama kuokota keria.

"Nilimshika Koome," Gatakaa akasema. "Kwani ulitaka nianguke?"

Ile sura Nyamu alifanya, Koome alikuwa anaijua kutoka ndani. Alikuwa ameivaa tangu siku ya stuli. Kuiona kwa uso wa mtu mwingine kulimpa raha fupi, kama sukari kwa ulimi, ikaisha.

Kwa sababu Gatakaa alikuwa bado anamwangalia. Si kwa hasira. Alikuwa amekunja uso kidogo, vile hufanya akipima kitambaa na kukuta kimepungua.

"Ulijua tangu kule?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Eee."

"Wewe na kunyamaza," akasema, polepole, na akavaa helmeti.

Akapanda. Akasogea mbele. Mikono ilizunguka, ya kulia kwanza, ya kushoto ikaifuata, na Nyamu akaishika juu kwa kiganja chake, akaibana hapo kama mtu anafunga mlango. Wakashuka kuelekea mjini. Koome alitoka mpaka kando ya lami, keria mkononi, akaangalia. Barabara hapo inateremka kidogo kabla ya kona. Alingoja usukani utetemeke. Mara moja tu. Kidogo tu.

Walipita kona wamenyooka.

Kagure akamwekea kikombe cha uji kwa ule ukuta. "Imepona?"

"Imepona," Koome akasema, kwa sauti ya mtu anatangaza msiba.